Pole ya Mashine: Lugha ya Kufariji, Upweke na Programu za Maongezi katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala haya yanachunguza suala la watu wapweke kutafuta faraja kwa programu za kompyuta zinazoweza kuongea kwa maandishi au kwa sauti. Suala hilo linatazamwa kwa jicho la isimu-jamii na pragmatiki ya Kiswahili, na mwambao wa Ziwa Victoria, hususan Mwanza na visiwa vya jirani, unatumiwa kama kielelezo. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya vitendo-uneni vya faraja katika Kiswahili, kama vile "pole", haitokani hasa na hisia za ndani za msemaji, bali inatokana na wajibu anaojitwika mbele ya msikilizaji na jamii. Kwa hiyo, swali la iwapo mashine ina hisia si swali la kwanza. Swali la kwanza ni iwapo mashine inaweza kudaiwa.

1.0 Utangulizi

Mwezi Juni 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya Tume yake ya Mahusiano ya Kijamii. Ripoti hiyo ilieleza kuwa mtu mmoja kati ya kila sita duniani huathiriwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Jambo lililowashangaza wengi ni mgawanyo wa hali hiyo: katika nchi zenye kipato cha chini, takriban asilimia 24 ya watu walisema kuwa ni wapweke, ilhali katika nchi zenye kipato cha juu kiwango kilikuwa takriban asilimia 11. Takwimu hizi zinaitia mashakani dhana iliyozoeleka kwamba upweke ni maradhi ya miji ya Ulaya na Marekani, na kwamba Mwafrika, kwa kuwa anaishi katika ukoo, hawezi kuwa mpweke.

Wakati huohuo, tangu kampuni ya OpenAI ilipotoa programu ya ChatGPT mwezi Novemba 2022, programu za maongezi zimepatikana kwa yeyote mwenye simu ya kisasa na kifurushi cha intaneti. Programu hizo hupokea maswali kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswahili. Zinaulizwa kuhusu masomo, biashara na kilimo, lakini pia zinaelezwa habari za mapenzi yaliyovunjika, za ndoa, za madeni, za misiba na za usiku usiokuwa na usingizi. Hapo ndipo lugha inapoingia, kwa sababu kitu pekee ambacho mashine inaweza kumpa mtu mwenye huzuni ni maneno.

Makala yamegawanyika katika sehemu sita, zikiwamo utangulizi huu na hitimisho. Mifano ya sentensi imeundwa kwa ajili ya ufafanuzi. Alama ya kuuliza mwanzoni mwa mfano inaonyesha kuwa tungo ina walakini wa kimatumizi, hata kama kisarufi inakubalika.

2.0 Upweke katika Msamiati wa Kiswahili

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana katika uwanja huu wa maana, nayo hayalingani. "Upweke" linatokana na "pweke", na linahusiana na "peke" la tungo kama "peke yangu". Neno hili hutaja kwanza hali ya kuwa mmoja. Mtu anaweza kuwa peke yake na akaridhika. "Ukiwa" ni zaidi ya hapo: mkiwa ni mtu aliyeachwa, asiyekuwa na wake, na neno hilohilo hutumika kwa nyumba iliyohamwa au mahali palipobaki mahame. "Huzuni", "majonzi" na "simanzi" hutaja hali ya moyo bila kujali idadi ya watu waliopo. "Unyonge" huongeza dhana ya kukosa nguvu na hadhi.

Kwa upande wa tiba, msamiati umekuwa katika mabadiliko. Msemaji wa kawaida mjini Mwanza, anapotaka kueleza hali inayomkosesha usingizi, husema kwamba "ana mawazo". Watumishi wa afya wamelieneza neno "sonona", na vyombo vya habari hutumia "msongo wa mawazo". Katika matini nyingi zilizotafsiriwa hutokea pia neno "unyogovu". Kwa hiyo, mtu anayeandika "nina mawazo mengi" huweza kujibiwa na mashine kana kwamba ana fikra nyingi za kupangwa, akapewa ushauri wa kuandika orodha ya kazi za siku. Kosa la namna hii linafanana na lile ambalo daktari mgeni angelifanya. Tofauti ni kwamba daktari huweza kuuona uso wa mgonjwa.

Hata jina la teknolojia yenyewe bado linagombaniwa. Istilahi "akili bandia", "akili mnemba" na "akili unde" zote zimo katika matumizi. Istilahi hizi hazina uzito mmoja kwa mtu anayetafuta faraja. "Bandia" humwonya mtumiaji kuwa anachoshika si asili, kama noti bandia au dawa bandia. "Unde", linalohusishwa na kitenzi "unda", halitoi hukumu hiyo, kwani husema tu kwamba kitu kimetengenezwa. Mtu akifarijiwa na akili "bandia", je, amepata faraja bandia? Uteuzi wa istilahi si suala la wanakamusi peke yao, kwani unagusa matarajio ya mtumiaji.

3.0 Upweke na Faraja katika Mwambao wa Ziwa

3.1 Ushahidi wa Fasihi

Aniceti Kitereza, mwandishi wa kisiwa cha Ukerewe, alikamilisha mwaka 1945 riwaya yake kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa lugha ya Kikerewe. Toleo la Kiswahili lilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwandishi alifariki mwaka 1981. Riwaya hiyo husomwa zaidi kama hazina ya mila za Wakerewe, lakini pia ni riwaya ya upweke. Bugonoka, kwa kuwa hajapata mtoto aliye hai, anachukuliwa na wazazi wake, na Myombekere anabaki katika mji wake bila mke. Upweke wake unaonekana katika mambo madogo ya nyumbani, na dawa yake haipatikani kwa kuongea peke yake. Inambidi aende kwa wakwe, asalimu, aombe, ashindane kwa maneno na akubali kutoa pombe ya ndizi kama sharti la kurudishiwa mkewe. Kurasa nyingi za riwaya hiyo ni salamu na mazungumzo. Msomaji asiyezoea huziona kuwa zinachelewesha kisa, ilhali katika jamii inayosawiriwa salamu hizo ndizo zinazomtoa mtu katika ukiwa.

3.2 Salamu, Ngoma na Misiba

Kwa Wasukuma, salamu ya asubuhi "mwangaluka" na ile ya baadaye "mwadila" hufuatwa na maulizo ambayo jibu lake ni "mhola", yaani ni shwari. Ubadilishanaji huo hauleti habari mpya. Malinowski (1923) aliyaita maongezi ya aina hiyo kuwa ni yale yanayofunga uhusiano kwa tendo lenyewe la kupeana maneno. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo ushindani wao huonekana hadi leo katika sherehe za Bulabo huko Bujora karibu na Kisesa, navyo vimempa kila mwanachama upande wa kusimama na watu wa kumshangilia.

Katika misiba, mwambao huu umekuwa na majaribu makubwa. Kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 kuliua mamia ya abiria waliokuwa wakielekea Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilizama karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 200. Katika misiba ya namna hiyo faraja huwa ni ya miili: watu kukaa matangani, kulala chini, kupika, kuchimba kaburi, kutoa rambirambi. Maneno ni machache na hurudiwarudiwa. Mfiwa hakumbuki nani alisema nini, bali hukumbuka nani alikuja.

3.3 Kambi za Uvuvi na Vyumba vya Kupanga

Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba mtandao huo humfikia kila mtu. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi katika usiku wa giza, kwa taa, na hukaa visiwani kwa muda mrefu mbali na wake na watoto. Mbalamwezi inapozidi, kazi husimama na mtu hubaki mwaloni na mawazo yake. Kambi ina watu wengi, lakini haina faragha. Mtu anayeeleza udhaifu wake leo huweza kusikia umegeuzwa kuwa mzaha kesho. Mjini, mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba Malimbe, au kijana aliyetoka Geita au Simiyu kutafuta kazi, huishi katikati ya umati usiomjua. Sensa ya mwaka 2022 iliupa Mkoa wa Mwanza watu 3,699,872. Wingi huo hauondoi upweke, na pengine huuficha.

Ziko pia sababu za kijamii zinazomzuia mtu kusema. Mwanamume hutarajiwa asilie. Kumweleza shangazi au mjomba ni kuanzisha kikao cha ukoo. Kumweleza rafiki ni kuhofia umbea. Methali isemayo "mficha maradhi, kifo humuumbua" isingekuwapo kama watu wasingekuwa wakificha.

3.4 Redio kama Mtangulizi

Si mara ya kwanza kwa chombo cha umeme kuwa mlango wa faraja katika eneo hili. Kabla ya simu za mkononi kuenea, vipindi vya salamu vya redio vilikuwa na wafuasi wengi Afrika Mashariki. Kwa Mwanza, Radio Free Africa ilikuja kuwa miongoni mwa vituo vilivyosikika mbali kutoka kanda hiyo. Msikilizaji alijaza kadi ya salamu, akaorodhesha majina ya ndugu na marafiki, na mtangazaji akayasoma. Mvuvi kisiwani aliposikia jina lake likitajwa, alijua kwamba mahali fulani kuna mtu aliyeketi, akashika kalamu na kumkumbuka. Redio ilikuwa mashine, lakini nyuma yake palikuwa na mtumaji mwenye jina. Tofauti hii ni muhimu kwa hoja inayofuata.

4.0 Historia Fupi ya Mashine Inayofariji

Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Katika toleo lake mashuhuri, programu hiyo iliiga mtaalamu wa nafsi ambaye humrudishia mgonjwa maneno yake kwa njia ya swali. Mtu akiandika kuwa ana huzuni, mashine humuuliza kwa nini ana huzuni. Haikuelewa chochote. Ilitafuta maneno fulani na kuyapanga upya. Katika kitabu chake cha mwaka 1976, Weizenbaum alisimulia jinsi katibu muhtasi wake, aliyejua fika namna programu ilivyotengenezwa, alivyomwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani. Tukio hilo lilimfanya mwanasayansi huyo awe mkosoaji mkali wa matumizi ya kompyuta katika kazi zinazohitaji utu.

Programu za sasa ni za aina nyingine. Hujifunza kutokana na matini nyingi mno namna neno linavyofuata neno, kisha hurekebishwa kwa kutumia hukumu za wanadamu kuhusu majibu yaliyo mema na mabaya. Baadhi ya wanadamu hao walikuwa Afrika Mashariki. Mwezi Januari 2023, jarida la TIME lilieleza kwamba wafanyakazi mjini Nairobi, kupitia kampuni ya Sama, walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha matini za ukatili ili programu ya OpenAI iweze kuzitambua. Baadhi yao walieleza kuwa kazi hiyo iliwaumiza nafsi. Kwa hiyo, upole wa mashine una gharama ambayo sehemu yake imelipwa na wasemaji wa Kiswahili.

Kuhusu lugha yenyewe, Kiswahili kina wasemaji ambao UNESCO huwakadiria kuwa zaidi ya milioni 200, lakini matini zake katika intaneti ni chache sana zikilinganishwa na za Kiingereza, na nyingi ni tafsiri. Jitihada za kurekebisha hali hiyo zipo. Mtandao wa watafiti wa Masakhane umekuwa ukishughulikia lugha za Kiafrika tangu mwaka 2019. Shirika la Jacaranda Health la Kenya lilitoa mwaka 2023 programu ya Kiswahili iitwayo UlizaLlama, iliyolenga hasa maswali ya akina mama wajawazito. Hata hivyo, mazungumzo ya matangani, ya jikoni na ya mwaloni hayamo katika matini zinazopatikana kwa urahisi. Mashine imejifunza Kiswahili cha gazeti na cha tafsiri, kisha inaombwa izungumze Kiswahili cha msiba.

5.0 Uchambuzi wa Lugha ya Faraja

5.1 "Pole" na "Samahani"

Mfano ufuatao unalinganisha njia tatu za kumjibu mtu aliyesema kwamba amefiwa na baba:

(1) a. Pole sana. Mazishi ni lini?
    b. ?Samahani kusikia hivyo.
    c. ?Pole kwa kusikia hayo.

Katika Kiingereza, neno moja huweza kutumika kuomba radhi na pia kuonyesha huruma. Kiswahili hutenganisha. "Samahani" humtaja msemaji kuwa mkosaji anayeomba kusamehewa, na kwa hiyo (1b) humfanya mfiwa ajiulize kosa liko wapi. Tungo (1c) imerekebishwa nusu. Kinachofuata baada ya "pole" katika Kiswahili ni tabu iliyompata msikilizaji: pole na safari, pole na kazi, pole kwa kuuguliwa. Kwa kanuni hiyo, (1c) humpa mfiwa pole kwa tabu ya kusikia habari ambayo ameitoa yeye mwenyewe. Hapa tafsiri sisisi imegeuza mwelekeo wa huruma.

Makosa haya yanaweza kusahihishwa, na programu mpya huyafanya kwa uchache zaidi. Lililo gumu zaidi limo katika (1a), yaani swali linalofuata. "Mazishi ni lini?" si udadisi. Ni tangazo la wajibu, kwa maana anayeuliza tarehe anatarajiwa kufika au kutuma rambirambi. Searle (1969), akiendeleza kazi ya Austin (1962), aliweka sharti la unyofu kuwa miongoni mwa masharti ya kitendo-uneni: anayepongeza sharti afurahi, na anayeshukuru sharti ahisi shukrani. Kwa mtazamo huo, mashine haiwezi kutoa pole kwa sababu haihisi. Lakini pingamizi ni dhahiri: wanadamu wengi nao hutoa pole bila kuhisi chochote, na pole hiyo hupokelewa kwa "asante" au "nimeshapoa".

Jibu la pingamizi hilo ni kwamba katika Kiswahili sharti la unyofu ni la pili. La kwanza ni wajibu. Jirani aliyetoa pole kwa mdomo tu amejifunga: asipoonekana matangani, atasemwa. Pole yake ina uzito kwa sababu inaweza kukutwa ni ya uongo. Pole ya mashine haiwezi kukutwa ni ya uongo, na kwa hiyo haiwezi kuwa ya kweli.

5.2 "Nipo Hapa"

Programu za maongezi hupenda kumhakikishia mtumiaji kuwa "nipo hapa kwa ajili yako". Sarufi ya Kiswahili hutofautisha mahali mahsusi (-po), mahali pasipo dhahiri (-ko) na mahali pa ndani (-mo), ingawa katika mazungumzo ya leo mpaka kati ya -po na -ko umelegea. Kudai "nipo hapa" ni kudai kuwa na mahali pamoja na msikilizaji. Ndiyo maana "Upo?" limekuwa salamu, na "Umepotea!" ni lawama ya mapenzi: anayeitamka ameona pengo. Programu nyingine hutuma ujumbe kumwita mtumiaji asiyeonekana, lakini ujumbe huo hutumwa kwa ratiba ya biashara. Hakuna aliyekikuta kiti kitupu.

Udhaifu wa "hapa" hiyo ulijidhihirisha nchini Tanzania kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchini kote kwa takriban siku tano, katika kipindi cha ghasia na hofu. Aliyekuwa ameweka faraja yake yote katika simu aliipoteza siku alipoihitaji zaidi. Jirani, hata asiyependeza, alibaki upande wa pili wa ukuta.

5.3 Umri na Heshima

Kijana akimwandikia mashine "Shikamoo", mashine hujibu "Marahaba". Kisarufi jibu ni sahihi. Kijamii, mashine imepokea cheo cha mzee bila ya kuwa na umri, watoto wala makosa ya ujanani. Baada ya hapo huweza kumwita mtu huyohuyo "rafiki yangu", na punde "mpendwa". Katika Kiswahili cha Tanzania, nasaha hupata nguvu kutokana na mahali pa mtoaji: bibi husema lisilosemwa na mama, na shangazi husema lisilosemwa na rika. Nasaha isiyo na mahali hubaki kuwa maelezo tu.

5.4 Upatanisho wa Kisarufi

Kiswahili humpa mchunguzi kipimo ambacho Kiingereza hakina kwa namna hiyo. Viumbe hai hupokea upatanisho wa ngeli ya kwanza hata kama nomino zao ziko katika ngeli nyingine: kifaru anakimbia, kipofu anasikia. Programu, kama kitu, inapaswa kupokea upatanisho wa ngeli ya tisa:

(2) a. Imenijibu vizuri.
    b. Amenijibu vizuri.
    c. Ananielewa kuliko mume wangu.

Kuhama kutoka (2a) hadi (2b) ni kuhama kutoka chombo hadi nafsi, na msemaji huweza kufanya hivyo bila ya kujua. Katika ngano, kitu kinachosema aghalabu hupewa kiambishi a-, na wasikilizaji hukubali kwa muda wa hadithi. Tatizo la (2c) ni kwamba hadithi haina mwisho. Mshauri nasaha anayemsikiliza mteja angefaidika kwa kuisikia herufi hiyo moja.

5.5 Mtani na Mashine

Katika mila za Tanzania, mtu aliyeruhusiwa kuivunja huzuni ni mtani. Utani wa Wanyamwezi na ndugu zao wa kanda ya ziwa na makabila ya pwani, kama vile Wazaramo, huhusishwa na njia za misafara ya karne ya 19. Msibani, mtani hucheza, hudhihaki, hudai malipo, humwiga marehemu, na pia hufanya kazi za mazishi. Ana ruhusa ya kuudhi kwa sababu ana wajibu wa kuhudumu.

Mashine iko upande wa pili kabisa. Imerekebishwa ili ipendwe. Mwezi Aprili 2025, kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo moja la programu yake lililokuwa likiwasifu na kuwaunga mkono watumiaji kupita kiasi. Kwa mpweke, hatari ni dhahiri. Anayesema "hakuna anayenijali" anahitaji mtu wa kumbishia kwa upendo, tena mwenye ushahidi: "Na mimi niliyetembea kutoka Kirumba mpaka hapa ni nani?" Mashine haina safari ya kutaja.

6.0 Manufaa, Mipaka na Hitimisho

Haitakuwa haki kuhitimisha kwamba programu hizi hazina faida. Utafiti wa Julian De Freitas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard ulionyesha kuwa kuongea na programu ya urafiki kunaweza kupunguza hisia za upweke kwa muda. Kwa upande mwingine, jaribio la wiki nne lililofanywa na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts kwa kushirikiana na OpenAI, na kutolewa mwezi Machi 2025, lilihusisha watu 981. Lilionyesha kuwa waliotumia programu kwa muda mrefu zaidi kila siku walikuwa na upweke na utegemezi mkubwa zaidi. Kwa kuwa washiriki walijichagulia muda wa matumizi, haiwezi kusemwa kwamba matumizi ndiyo yaliyosababisha upweke, kwani huenda wapweke zaidi ndio waliotumia zaidi. Matokeo hayo mawili hayapingani: dawa ya kutuliza hutuliza, na anayeinywa kila saa huenda ana maradhi yasiyotibiwa.

Faida ya mashine inatoka palepale upungufu wake unapotoka. Haidai, haisengenyi kijiweni, haichoki saa nane ya usiku. Kwa mtu anayeogopa deni la kusikilizwa, kukosekana kwa wajibu ni nafuu. Anaweza kutafuta maneno ya kulitaja jambo ambalo hajawahi kulitaja. Ila nafuu hiyo ina masharti yaliyofichika. Maneno hayo huhifadhiwa na kampuni iliyo ng'ambo, na rafiki huyo hubadilishwa bila mtumiaji kuulizwa, kama watumiaji wa programu ya Replika walivyogundua mwaka 2023 kampuni ilipoibadilisha tabia yake na wengi wakaomboleza.

Uzoefu wa Zimbabwe unaelekeza njia nyingine. Mpango wa Benchi la Urafiki, ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda mjini Harare, uliwafunza mabibi wa mitaani kusikiliza watu wenye hali ambayo Washona huiita "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha mafanikio yake, na mpango umefika hadi Zanzibar. Mafanikio hayo yana upande wa kiisimu. Neno lililotumiwa ni la wagonjwa wenyewe, na aliyelitumia ana umri, mtaa na jina.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, wanaounda programu za Kiswahili wahakikishe kuwa "nina mawazo" na tungo za jamii hiyo zinatambuliwa kama dalili, na kwamba jibu la pole linafuatwa na swali linalomrudisha mtu kwa watu: "Nani yuko karibu nawe sasa?" Mtoto aelekezwe kwenye huduma ya simu ya bure namba 116, ambayo hupokelewa na binadamu. Pili, idara za Kiswahili zikusanye, kwa ridhaa na kwa kuficha majina, mazungumzo halisi ya kufariji kutoka mwambao wa ziwa na kwingineko, kwani bila ya hayo mashine itaendelea kufariji kwa Kiingereza kilichovaa Kiswahili. Tatu, washauri na walimu wasimcheke anayekiri kwamba huongea na simu usiku. Kukiri huko ni pole iliyogeuzwa: mtu anaomba aulizwe.

Weizenbaum aliombwa atoke chumbani, akatoka. Kwa mila za mwambao wa ziwa, mtu akimkuta mwenzake analia hatoki. Husema pole, akaketi.